Plagi ya Antena ya Redio ya Gari: Namna ya Kuifunga na Kuipima

Katika ukurasa huu wa kazi za mikono tumeonelea tuzungumzie kitu kidogo sana, kinachotosha kufichika kiganjani, nacho ni plagi inayofungwa mwisho wa waya wa antena ya redio kolu ndani ya gari. Vijana wetu wakubwa wameshajifunza kulehemu waya za taa na za spika, na wengi wao wanadhani plagi hii ni kazi ileile. Sivyo. Waya wa spika ukifungwa vibaya utausikia ukikoroma, lakini plagi ya antena ikifungwa vibaya inaweza kukaa mwaka mzima ikionekana nzima, na kasoro yake ikadhihirika siku ile tu mwenye gari anapohitaji msaada.

Kwanza tufahamu ni redio gani tunayoikusudia. Si redio ya kusikilizia taarifa ya habari, wala si redio kolu ya polisi au ya kampuni. Ni redio ya ridhaa, ambayo mwenye nayo anaruhusiwa kuzungumza na wenziwe wa nchi yake na wa nchi za mbali kwa ajili ya kujifunza na kujitolea, bila ya kufanya biashara. Watu hawa duniani wanajulikana kwa jina la utani la "ham". Kila mmoja hupewa jina lake la hewani lenye herufi na tarakimu. Ya hapa kwetu Tanzania huanza na 5H, na ya jirani zetu wa Kenya huanza na 5Z. Marehemu Sultan Qaboos wa Oman alikuwa mmoja wao kwa jina la A41AA, na marehemu Mfalme Hussein wa Jordan aliitwa JY1. Leseni kwa upande wetu hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Kujifunza kuchuna waya na kulehemu hakuhitaji leseni, lakini kubonyeza kitufe na kurusha sauti kunahitaji. Wazee tunawaomba muwe wakali katika jambo hili, kwani kijana akishapata redio mkononi kidole humuwasha.

Huenda mzazi akauliza, siku hizi kila mtu ana simu, redio hii ya nini? Tarehe 26 Desemba 2004, baada ya tetemeko la ardhi chini ya bahari karibu na Sumatra, mawimbi ya tsunami yalivipiga visiwa vya Andaman na Nicobar vya India. Siku hiyo hiyo yalivuka bahari hadi Somalia, Kenya na hapa Tanzania, na watu wakafa katika pwani zetu pia. Kule Port Blair, mji mkuu wa visiwa vile, kulikuwa na kundi la wana-ridhaa wa India likiongozwa na Bi Bharathi Prasad, waliokwenda kwa ruhusa maalumu kwa shughuli zao za kawaida za redio. Simu zilipokatika, redio zao ndizo zilizobeba habari za waliosalimika na za mahitaji kwenda bara. Redio ya gari ina faida zaidi ya hapo, kwa kuwa ina betri yake, ina jenereta yake chini ya boneti, na inakwenda mahali penye shida. Yote hayo lakini hupita katika tundu moja nyuma ya redio, na katika tundu hilo ndipo plagi yetu inapoingia.

Waya wenyewe ulivyo

Aliyewahi kutengeneza maikrofoni ya msikitini ameshauona waya wa jamii hii. Katikati kuna waya wa shaba, umezungukwa na plastiki nyeupe, juu ya plastiki pana wavu wa nyuzi za shaba zilizosukwa, na nje kabisa ni ganda jeusi. Waya huu huitwa koaksi. Watu wengi hudhani kwamba kazi yote hufanywa na waya wa kati, na wavu ni nguo tu ya kuukinga. Katika maikrofoni wavu ukikatika spika hunguruma, kila mtu akasikia, na fundi akaitwa. Katika antena hakuna kinachonguruma. Umeme wa redio unakwenda kwa waya wa kati na kurudi kwa upande wa ndani wa wavu, kwa hivyo wavu ni nusu ya njia. Ukiwa haukushikana na plagi sawasawa, umeme wa redio hutafuta njia nyingine. Hutambaa juu ya ganda la waya, huingia katika bodi la gari, na wakati mwingine hata taa za dashibodi hucheza mtu anapozungumza.

Na hapa ndipo penye mtego. Redio ikiwa inasikiliza huvumilia mno. Antena hata ikiunganishwa kwa waya wa kati peke yake, sauti za karibu zitasikika, na mwenye gari atasema antena yangu nzima. Tulishuhudia jambo hili katika safari moja ya magari mawili, yote ya wenye leseni. Gari la nyuma lilikuwa likisikia kila neno la gari la mbele. Lilipojibu, gari la mbele likasikia mkwaruzo tu, nao hawakuwa wameachana hata kilomita tatu. Plagi ya gari la nyuma ilifungwa na fundi mmoja wa mjini, nje imezungushiwa tepu nyeusi vizuri kabisa. Ilipofunguliwa, wavu ulikuwa umekatwa mfupi na kusukumwa ndani bila ya tone la lehemu. Ulikuwa ukigusa na kuachia kila gari linapopita kwenye matuta. Kwa hiyo mwanafunzi akariri hili kabla ya vipimo vyote vinavyofuata: kusikia si ushahidi wa kusikika.

Kuchagua waya na plagi

Redio za ridhaa hutengenezwa kwa waya wa omu 50. Wa televisheni ni wa omu 75. Tofauti hiyo peke yake isingeharibu sana, lakini waya mwingi wa televisheni unaouzwa madukani kwetu una wavu wa alumini na karatasi ya alumini, na alumini haishiki lehemu ya kawaida. Utaunguza plastiki yote na bado wavu utachomoka. Kwa gari, waya uliozoeleka ni RG-58, wenye unene wa milimita 5 hivi. RG-213 ni bora kwa kupitisha nguvu, ila una unene wa milimita 10 na ni mgumu, haukubali kukunjwa chini ya zulia wala penye mlango.

RG-58 ina gharama yake. Katika masafa ya 144 hadi 146 MHz, ambayo wana-ridhaa huyaita mita 2, mita 5 za waya huu hula takriban moja ya tano ya nguvu inayopita. Ndiyo maana tunasema waya uwe wa urefu unaohitajika, si zaidi. Katika masafa ya chini kama 7 MHz hasara ni ndogo sana na haina haja ya kuumiza kichwa.

Plagi inayotumika zaidi huitwa PL-259, na tundu lake SO-239. Ni ya zamani, ya miaka ya 1930, na bado ndiyo iliyoenea katika redio za gari. Ina sehemu tatu kwa waya wetu mwembamba: pete ya nje yenye meno ya skrubu ndani, kiwiliwili chenye pini ya kati iliyo wazi kama mrija, na bushi ndogo ya kujaza nafasi. Bushi ya RG-58 ni UG-175. Ile ya UG-176 ni ya waya mnene kidogo wa RG-8X, na zikichanganywa waya utacheza ndani. Tazameni pia plastiki iliyo kati ya pini na kiwiliwili. Ile nyeupe ya tefloni hustahimili moto wa kulehemu, lakini katika plagi za bei rahisi ni plastiki ya kawaida, na pini huinama kama mshumaa. Bei inatofautiana kidogo tu, msibane matumizi hapa.

Pitisha waya kwanza, funga plagi baadaye

Antena nyingi za gari huja na kitako ambacho upande wake mmoja waya umeshafungwa, kwa hivyo plagi tunayoifunga sisi ni ile ya upande wa redio. Kiwiliwili cha plagi kina unene wa milimita 16 na zaidi kikiwa na pete. Waya ni milimita 5. Anayefunga plagi mezani halafu akaenda nayo garini atalazimika kutoboa tundu kubwa au kuikata tena. Basi waya upite kwanza, kutoka juu ya paa au kwenye buti, chini ya mpira wa mlango, kandokando ya zulia hadi kwenye redio. Usibanwe na chuma cha mlango, usikunjwe kona kali kama karatasi, na pale unapopita kwenye tundu la bati uvishwe mpira. Kona iwe pana, kwani waya ukikunjwa sana plastiki ya ndani hubonyea na waya wa kati huusogelea wavu. Magari yenye mifuko ya hewa ya usalama hayataki waya mbele ya mifuko hiyo, ambayo katika baadhi ya magari imo hata kwenye nguzo za milango.

Acheni urefu wa ziada wa kama nusu mita upande wa redio, ili mwisho wa waya utolewe nje ya mlango na kazi ifanyike juu ya ubao, si juu ya kiti. Waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Lehemu nyingi tulizonazo zina madini ya risasi ndani yake, kwa hiyo kazi ifanyike penye upepo, na mikono ioshwe kabla ya kugusa chakula.

Kufunga

Kitu cha kwanza kuingia kwenye waya ni pete ya nje, meno yake yakielekea mwisho wa waya. Wanafunzi hucheka tunapolirudia neno hili mara tatu, lakini ukishalehemu kiwiliwili pete haiingii tena upande wowote, na kazi yote inaanza upya. Baada ya pete iingie bushi.

Ganda la nje lichunwe milimita 19. Kisu kizungushwe kwa mkono mwepesi, na ganda livunjwe kwa kulikunja, kwa sababu kisu kikizama kitakata nyuzi za wavu, na kila uzi unaokatika ni njia iliyopungua. Nyuzi zitanuliwe kidogo kwa ncha ya msumari kisha zirudishwe nyuma. Sogeza bushi hadi mdomo wake ulingane na mwisho wa ganda, na nyuzi zilalie juu ya bushi, zikiwa zimeenea pande zote. Zikatwe zibaki milimita 10, zisifike kwenye meno ya skrubu ya bushi. Sasa plastiki nyeupe ichunwe mpaka waya wa kati uonekane milimita 16, na kipande kifupi cha plastiki kama milimita 3 kibaki mbele ya wavu ili kutenganisha. Waya wa kati katika RG-58 mara nyingi ni wa nyuzi nyembamba. Zisokotwe na zipakwe lehemu kidogo zishikamane, isije ikatoroka moja ikagusa wavu.

Shika bushi kwa plaizi na uzungushe kiwiliwili, si waya, mpaka kikaze. Kiwiliwili kina vitundu vinne ubavuni. Chungulia ndani yake. Ukiona shaba ya wavu katika vitundu, endelea. Ukiona bushi tupu au ganda jeusi, fungua urekebishe, kwani lehemu itakayomiminwa hapo haitashika kitu.

Moto mkubwa kwa muda mfupi

Hapa tukae kidogo, kwa kuwa ndipo plagi nyingi zinapoharibikia. Kijana huchukua chuma cha kulehemu cha wati 25 au 30, kile cha redio ndogo, akakiweka juu ya kiwiliwili na kungoja. Kiwiliwili ni pande la shaba nyeupe, hunywa moto wote na kuusambaza. Dakika moja inapita, mbili, lehemu bado inateleza kama maji juu ya jani la myugwa. Wakati huo joto limeshaingia ndani, na plastiki ya waya huanza kulainika kwenye nyuzi joto 100 na kitu, wakati lehemu ya kawaida inahitaji kama 190 ili iyeyuke. Plastiki ikilainika waya wa kati huzama pembeni, ukagusa wavu. Nje plagi inang'aa, ndani imekufa.

Kwa hivyo chuma kiwe kikubwa, cha wati 80 hadi 100 au zaidi, chenye ncha pana. Wengine hushangaa kwamba chuma kikubwa ndicho kinachounguza kidogo, lakini sababu ni hiyo, kwamba kinamaliza kazi kabla joto halijasafiri. Kabla ya kufunga, piga tupa kidogo kuzunguka vitundu vinne ili uondoe nikeli inayong'aa, kwa sababu nikeli haipendi lehemu. Plagi iliyopakwa fedha haihitaji hilo. Kisha ncha ya chuma iwekwe kwenye kitundu, lehemu iguswe hapo, na kwa sekunde chache utaiona ikizama ndani na kuushika wavu. Acha ipoe yenyewe, usimwagie maji. Fuata kitundu kinachokabili, halafu viwili vilivyobaki. Pini ya kati ipashwe moto kwa nje na lehemu itiwe kwenye ncha mpaka ijae. Waya uliozidi ukatwe, na tone lililoganda ubavuni mwa pini lipigwe tupa, ama sivyo pini itatanua tundu la redio, na tundu la redio ni ghali kuliko plagi kumi.

Kuna mafundi wasiolehemu wavu, wanaridhika na mkazo wa bushi. Mezani mkazo huo unatosha. Katika gari linalokwenda barabara ya vumbi, na katika pwani yetu ambako upepo una chumvi, hatukubaliani nao. Njia nyingine iliyo sahihi ni plagi ya kubana, ambayo wavu hubanwa kwa koleo maalumu la pembe sita, la milimita 5.4 kwa RG-58. Hiyo ni nzuri sana kwa gari ikiwa koleo ni lile lenyewe. Plaizi ya kawaida haifai.

Kupima

Kabla antena haijapachikwa kwenye kitako, chukua maltimita. Pini ya plagi hadi nukta ya kati ya kitako isome karibu na sifuri. Kiwiliwili hadi bodi ya kitako isome vivyo hivyo. Pini kwa kiwiliwili isisome kitu kabisa. Wakati wa kupima tikisa waya karibu na plagi, maana plagi mbovu husema kweli ikitikiswa. Ukishapachika antena usishtuke iwapo pini na kiwiliwili vinasoma kama vimegusana, kwani baadhi ya antena zina koili ndani yake iliyounganishwa hivyo kwa makusudi. Tumewahi kuona plagi nzima ikikatwa kwa kutolijua hili.

Maltimita inajua waya tu, haijui mawimbi. Kwa hayo kuna mita ya SWR, inayoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinakwenda na kiasi gani kinarudi. Kipimo cha 1 hadi 1.5 ni kizuri. Kikipita 2, atafutwe mwenye kosa. Redio nyingi za sasa hujipunguzia nguvu zenyewe, lakini za zamani huunguza transista zake za mwisho. Kipimo hiki hufanywa na mwenye leseni. Ili kujua kosa liko wapi, aondoe antena na kuweka mahali pake mzigo bandia wa omu 50. Kipimo kikiwa karibu na 1, plagi na waya ni salama na kosa limo kwenye antena au kitako, mara nyingi rangi ya gari haikukwanguliwa pale kitako kinapouma bati. Na mita nayo isiaminiwe kupita kiasi. Waya mrefu au ulioingia maji huzila nguvu zikienda na zikirudi, basi mita haioni kinachorudi na husoma vizuri, kumbe hakuna kinachofika juu.

Maji

PL-259 haizuii maji. Iliyo ndani ya gari haina shida, lakini kama ipo nyingine nje, kwenye bampa au kwenye buti, maji yakiingia hupandishwa na wavu kama mafuta yanavyopanda utambi wa kandili, na shaba huwa nyeusi mita nzima ndani ya ganda. Izungushiwe tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kisha tepu nyeusi ya umeme juu yake. Mzunguko uanzie chini kwenda juu, ili kila duru iilalie ya chini yake kama mabati ya paa. Silikoni inayonuka siki isitumike, kwani ile siki hula shaba. Na kabla waya haujaingia garini uachwe uning'inie kidogo kwa chini, maji yadondoke hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani.

Zoezi

Redio ina wati 50, na kila mita 5 za RG-58 katika mita 2 hula moja ya tano ya nguvu iliyobaki. Fundi wa kwanza ametumia mita 5. Wa pili ameacha mita 15 na kuzizungusha nyuma ya kiti kwa kuona uvivu kuzikata. Kila antena itapata wati ngapi? Halafu chukueni kipande cha waya cha nusu mita, mfunge plagi pande zote mbili, mpime, na mlete darasani Jumamosi pamoja na vipande vyote mlivyoviharibu.